Wiki ya Ngapi Hii? Kusaka Makosa ya Namba za Wiki Kwenye Excel

Kituo cha kukusanyia maziwa kule Rungwe kinaandika wiki ya 2. Ofisi ya Mbeya mjini inaandika wiki ya 1. Lita zinazobishaniwa ni zilezile, za Jumapili tarehe 4 Januari 2026, na wote wawili wametumia Excel. Hapo hakuna aliyekosea kuhesabu. Kila mmoja amehesabu kwa kanuni yake, na karatasi haisemi ni kanuni gani.

Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona kwenye karatasi, kisha unashuka hadi kwenye chanzo. Fomula zote zinadhani tarehe iko kwenye seli A2. Ukizibandika na Excel ikakataa, jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa mkato, maana kompyuta zilizopangiwa lugha za Ulaya bara hutumia hiyo.

Kwanza, kanuni zenyewe

Sikiliza majina ya siku zetu. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hadi Jumatano ya tano. Halafu inaingia Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano vilevile, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Ndani ya wiki moja ya Kiswahili mna siku mbili za tano. Kwa hiyo mtu anayesema wiki inaanza Jumamosi, mwingine Jumapili na mwingine Jumatatu, wote wana pa kusimamia.

Excel inazijua zote tatu. WEEKNUM(A2) bila nyongeza huanza wiki Jumapili. WEEKNUM(A2,2) huanza Jumatatu. WEEKNUM(A2,16) huanza Jumamosi. Hizi tatu zinafanana jambo moja: tarehe 1 Januari huwa wiki ya 1 siku zote, hata kama wiki hiyo ina siku moja tu ndani ya mwaka mpya.

Kanuni ya nne ni ya kimataifa, ISO 8601. Wiki huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Ukipenda, sema ni wiki yenye tarehe 4 Januari, ni jambo lilelile. Alhamisi ndiyo inayoamua wiki nzima ni ya mwaka gani. Fomula yake ni ISOWEEKNUM(A2), au WEEKNUM(A2,21). Mfumo wa DHIS2 unaotumika kwa takwimu za afya nao una kipindi cha wiki cha kawaida kinachoanza Jumatatu kwa mtindo huu, na huandikwa 2026W1. Kama ripoti yako inaishia huko, kwa kweli huna sababu ya kutumia kanuni nyingine.

Dalili: Jumapili peke yake ndizo zinazotofautiana

Hii ndiyo kesi ya Rungwe. Mwaka 2026 ulianza Alhamisi. Kwa ISO, wiki ya 1 ni Jumatatu 29 Desemba 2025 hadi Jumapili 4 Januari 2026. Kwa WEEKNUM(A2) wiki ya 1 ni tarehe 1 hadi 3 tu, na Jumapili tarehe 4 inafungua wiki ya 2. Ikifika Jumatatu tarehe 5 wote wanasema wiki ya 2, wanapatana hadi Jumamosi, kisha Jumapili wanaachana tena. Kosa la namna hii linaishi muda mrefu kwa sababu siku sita kati ya saba ziko sawa. Jumla ya mwezi inakubali. Jumla ya wiki ndiyo inayogoma.

Tafuta WEEKNUM zisizo na mkato na namba baada ya A2, ubadilishe ziwe ISOWEEKNUM.

Dalili: mwaka jana fomula ilikuwa sawa, mwaka huu iko mbele kwa wiki moja

Watu wengi hapa hulaumu kompyuta au aliyegusa faili mwisho. Mara nyingi chanzo ni WEEKNUM(A2,2). Hiyo 2 humfanya mtu aamini ameshapata wiki ya kimataifa kwa kuwa inaanza Jumatatu. Hajaipata. Ameipata nusu.

Angalia inavyokwenda. Mwaka ukianza Jumatatu, Jumanne, Jumatano au Alhamisi, WEEKNUM(A2,2) na ISOWEEKNUM hutoa namba moja karibu mwaka mzima. Ukianza Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, WEEKNUM(A2,2) inatangulia kwa wiki moja kutoka Januari hadi Desemba. Miaka 2021, 2022 na 2023 ilianza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, basi yote mitatu ilitofautiana. 2024 ulianza Jumatatu, 2025 Jumatano, 2026 Alhamisi, na kosa likajificha. Mwaka 2027 unaanza Ijumaa. Jumatatu ya tarehe 4 Januari 2027 ISO itasema wiki ya 1 na faili lako litasema wiki ya 2, na litabaki hivyo hadi mwisho wa 2028.

Faili lililotengenezwa 2024 na kufanya kazi vizuri miaka mitatu halijathibitisha chochote. Fungua leo, bonyeza Ctrl+F, tafuta WEEKNUM, uone kilichomo ndani ya mabano.

Dalili: wiki ya 1 ya mwaka ina lita nyingi kupita kiasi

Tuseme umeshatumia ISOWEEKNUM, halafu ukaunganisha na mwaka hivi:

=YEAR(A2)&"-W"&ISOWEEKNUM(A2)

Jumatatu 29, Jumanne 30 na Jumatano 31 Desemba 2025 ziko ndani ya wiki ya 1 ya mwaka 2026. YEAR inasema 2025, ISOWEEKNUM inasema 1, na seli inaandika 2025-W1. Maziwa ya siku hizo tatu yanarushwa nyuma karibu mwaka mzima na kuongezwa kwenye Januari 2025. Ng'ombe hana sikukuu, lita za kufunga mwaka zipo palepale, kwa hiyo pengo linaonekana pande zote mbili: wiki ya mapema 2025 imevimba, na wiki ya kwanza ya 2026 imekonda.

Namba ya wiki ya ISO lazima itembee na mwaka wake wa ISO, na mwaka huo ni mwaka wa Alhamisi ya wiki hiyo. Fomula sahihi:

=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")

Ifuatilie kwa mkono mara moja, itakukaa. Tarehe 29 Desemba 2025 ni Jumatatu, WEEKDAY(A2,2) inatoa 1. Toa 1, ongeza 4, unasogea mbele siku tatu, unatua Alhamisi 1 Januari 2026. Mwaka ni 2026. Sasa chukua Jumapili 3 Januari 2027: WEEKDAY inatoa 7, toa 7 ongeza 4, unarudi nyuma siku tatu hadi Alhamisi 31 Desemba 2026. Mwaka ni 2026 na wiki ni ya 53.

Usiisahau ile 2 ndani ya WEEKDAY. Bila hiyo Jumapili inakuwa 1, hesabu inatua Jumatano, na kwa Jumapili ni Jumatano ya wiki inayofuata, kwa hiyo Jumapili ya kufunga mwaka inaweza kupewa mwaka usio wake. Ile "00" nayo ina kazi yake: bila sifuri ya mbele, ukipanga orodha utapata W1, W10, W11, na W2 itakuja baada ya W19.

Dalili: jumla ya wiki zote haifiki jumla ya mwaka

Hesabu mistari ya jedwali lako la muhtasari. Iko 52? Mwaka 2026 una wiki 53 kwa ISO, kama ulivyokuwa 2020 na utakavyokuwa 2032. Kiolezo chenye mistari 52 kitaiacha nje wiki ya 28 Desemba 2026 hadi 3 Januari 2027 bila kutoa onyo lolote, kwa sababu SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, haihesabu kitu ambacho hujakiuliza.

Kujua mwaka una wiki ngapi, tumia tarehe 28 Desemba, ambayo siku zote huwa kwenye wiki ya mwisho ya ISO:

=ISOWEEKNUM(DATE(2026,12,28))

Ukikutana na wiki ya 54, ujue moja kwa moja kwamba si ISO. WEEKNUM(A2) huitoa pale mwaka mrefu, wenye siku 366, unapoanza Jumamosi. Ilitokea 2000, na Jumapili 31 Desemba 2028 itatokea tena. ISO inaiita siku hiyo 2028-W52.

Chini ya kila jedwali la wiki weka seli moja ya kutoa: jumla ya data ghafi kutoa jumla ya wiki zote. Jibu likiwa si sifuri, usitume ripoti.

Dalili: #VALUE! kwenye mistari mingi, na mingine ina wiki za ajabu

Hili ndilo tatizo linalokula muda mwingi kuliko mengine yote, na fomula ya wiki haihusiki. Tarehe zenyewe ndizo mbovu.

Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani zimepangiwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Karani anaandika 25/11/2025 akimaanisha 25 Novemba. Hakuna mwezi wa 25, Excel inaiacha kama maandishi, nayo inajibana kushoto mwa seli. Hiyo ndiyo inayotoa #VALUE!, na afadhali hiyo, kwa sababu inapiga kelele. Hatari iko kwenye 05/11/2025. Karani kaandika 5 Novemba, Excel imeelewa 11 Mei. Inakaa kulia kama tarehe halali na kutoa wiki ya 19 badala ya wiki ya 45. Kwenye daftari la mauzo ya viazi pale Mwanjelwa, mzigo wa Novemba unahamia Mei na hakuna alama yoyote nyekundu.

Kuipima, kwenye safu ya pembeni andika:

=TEXT(A2,"ddd dd mmm yyyy")

Mwezi utaonekana kwa herufi. Kama daftari ni la Novemba tupu na safu inaonyesha Jan, Feb, Mar, Apr, May, umeshapata jibu. Njia nyingine ya haraka ni kuchuja tarehe zilizo mbele ya leo. Tarehe zilizopinduka hupenda kuangukia huko.

Kubadilisha mpangilio wa kompyuta kwenda Kiingereza cha Uingereza kunasaidia tarehe utakazoandika kuanzia hapo. Zilizokwisha kupinduka zinabaki zimepinduka. Text to Columns, iliyo kwenye menyu ya Data, ukichagua DMY (siku, mwezi, mwaka) itarekebisha zile zilizobaki maandishi, lakini ile Mei ya uongo tayari ni namba na haitarudi yenyewe. Kwa safu ambayo una hakika yote iliandikwa siku kwanza kwenye kompyuta ya Kimarekani, tumia hii kwenye safu mpya:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Zile zilizo namba inazigeuza siku na mwezi, zile za maandishi inazisoma upya. Inahitaji tarehe ziwe na tarakimu mbilimbili, 05 na si 5. Na iendeshe mara moja tu. Ukiirudia juu ya majibu yake mwenyewe utazipindua tena. Kabla ya kuamini, linganisha mistari mitano na stakabadhi za karatasi.

Data ikitoka kwenye taarifa za miamala ya simu, tarehe inaweza kuja na nafasi isiyoonekana mwishoni. Hiyo huondoka kwa =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")). Kwenye Google Sheets mpangilio wa nchi unakaa ndani ya faili: bonyeza File, Settings, kisha Locale. Faili moja likifunguliwa kwa simu Njombe na kwa kompyuta Iringa litasoma tarehe namna moja, na hiyo ni faida kubwa kwa vikundi vinavyojaza kwa pamoja.

Dalili ndogondogo

Seli inaonyesha 22/02/1900 badala ya namba ya wiki. Jibu ni sahihi, ni 53, ila seli imepangiwa sura ya tarehe, na siku ya 53 katika hesabu ya Excel ni tarehe hiyo. Ipangie General.

#NAME? kwenye kompyuta moja tu ya ofisi, na ndani ya seli unaona _xlfn.ISOWEEKNUM. Excel hiyo ni ya kabla ya 2013. Ikiwa ni 2010, WEEKNUM(A2,21) inafanya kazi. Ikiwa ni 2007 au chini yake, tumia hii, inayofanya kazi kila mahali:

=INT((A2-WEEKDAY(A2,2)+4-DATE(YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4),1,1))/7)+1

#NUM! inatokea ukiweka aina isiyokuwepo, kwa mfano WEEKNUM(A2,3).

Mistari mitupu inaonyesha wiki ya 52. Seli tupu Excel huisoma sifuri, na sifuri ina wiki yake. Andika =IF(A2="","",ISOWEEKNUM(A2)).

Tarehe zote zimesogea miaka minne na siku moja baada ya kunakili kutoka faili jingine: faili hilo linatumia mfumo wa tarehe wa 1904, ulio wa Mac za zamani. Toa au ongeza 1462 kulingana na upande zilikosogea.

Kwenye makro, yaani programu fupi za VBA ndani ya Excel, DatePart na Format zikiambiwa vbMonday na vbFirstFourDays hukosea Jumatatu za mwisho wa baadhi ya miaka: 29 Desemba 2003 na 30 Desemba 2019 hupewa 53 wakati zinatakiwa 1. Ita ISOWEEKNUM kupitia WorksheetFunction badala yake.

Dalili: hesabu ya wiki za msimu inatoa hasi

Nyanda za juu kusini msimu hauheshimu mwaka wa kalenda. Mvua zinaanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili au Mei, mahindi yanapandwa mwaka huu na kukuziwa mwaka ujao. Mkulima wa Mbozi aliyepanda Jumatatu 24 Novemba 2025, wiki ya 48, akaweka mbolea ya kukuzia Jumatatu 5 Januari 2026, wiki ya 2, karatasi ikitoa 2 kutoa 48 inapata hasi 46. Wengine huziba kwa kuongeza 52. Hapa itajibu 6, na ni kweli. Msimu wa 2026 kuingia 2027 una wiki ya 53 katikati, na kiraka hicho kitapunguza wiki moja kwa kila shamba.

Usitoe wiki kutoka kwa wiki. Toa tarehe kutoka kwa tarehe:

=INT((B2-A2)/7)

A2 ni tarehe ya kupanda, B2 ya kazi iliyofanyika. Siku 42, wiki 6 kamili. Ni hivyohivyo kwa mizunguko ya kuchuma chai na kwa umri wa viazi shambani.

Mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai nao una fomula yake, kama mhasibu anataka wiki ya 1 iwe yenye tarehe 1 Julai na wiki zianze Jumatatu:

=INT((A2-DATE(YEAR(A2)-(MONTH(A2)<7),7,1)+WEEKDAY(DATE(YEAR(A2)-(MONTH(A2)<7),7,1),2)-1)/7)+1

Dalili: wiki ya malipo ya vibarua haikubaliani na kanuni yoyote

Mashine ya mbao Mafinga inayofunga hesabu Ijumaa jioni ina wiki ya Jumamosi hadi Ijumaa. Unaweza kutumia WEEKNUM(A2,16), lakini wiki inayokatwa na tarehe 1 Januari itagawanyika vipande viwili vyenye namba mbili, na kibarua aliyefanya kazi siku sita ataonekana kwenye mistari miwili. Kwa malipo, sisi tunaacha namba kabisa. Tunaandika tarehe ya kufunga wiki:

=INT(A2)+7-WEEKDAY(A2,16)

Kila siku kuanzia Jumamosi inapata tarehe ya Ijumaa yake. Kwa wiki ya Jumatatu, tarehe ya kuanzia ni =INT(A2)-WEEKDAY(A2,3). Tarehe hazijirudii, zinajipanga zenyewe, na hakuna anayeuliza ni wiki ya kanuni ipi. Kwa kweli, hata kwenye maziwa na viazi tungeweka safu hii iwe ndiyo ya kujumlishia, na namba ya wiki ibaki kwa ajili ya kuonyesha tu. Kwenye PivotTable, jedwali la muhtasari la Excel, ni vivyo hivyo: ukiunganisha tarehe kwa siku 7, Excel huanza na tarehe ya kwanza iliyomo kwenye data. Kama siku hiyo ni Jumatano, wiki zako zote ni za Jumatano. Kwenye Starting at andika Jumatatu iliyotangulia.

Ukipewa namba ya wiki na unataka Jumatatu yake, weka mwaka wa ISO kwenye A2 na wiki kwenye B2:

=DATE(A2,1,4)-WEEKDAY(DATE(A2,1,4),2)+1+(B2-1)*7

Tarehe za kupimia

Bandika hizi kwenye safu moja, na fomula yako ya mwaka na wiki pembeni. Ziandike kama DATE(2025,12,29) na kuendelea ili mpangilio wa kompyuta usiziguse.

29/12/2025: 2026-W01
04/01/2026: 2026-W01
05/01/2026: 2026-W02
31/12/2026: 2026-W53
03/01/2027: 2026-W53
04/01/2027: 2027-W01
02/01/2028: 2027-W52
03/01/2028: 2028-W01
31/12/2028: 2028-W52

Mstari wa kwanza ukitoa 2025-W01, mwaka unatoka kwa YEAR(A2). Wa pili ukitoa W02, wiki yako inaanza Jumapili au Jumamosi. Wa pili ukiwa sahihi lakini ule wa 04/01/2027 ukitoa W02, ni ile WEEKNUM(A2,2).

Ukishapata kosa kwenye faili la miaka iliyopita, usifute safu ya zamani. Ongeza safu mpya kando yake, kichwa chake kiseme wiki ya ISO, na ya zamani iandike kanuni iliyoitumia. Ripoti zilizokwisha kwenda wilayani zina namba zile za zamani, na siku moja mtu atakuja na karatasi mkononi akitafuta wiki ya 14 ya 2023.